Mava ya Waigizaji wa Kiyidi

Katika nchi ya Ngara na Biharamulo, desturi ya tangu zamani ni kumzika mtu nyumbani kwake, kando ya migomba iliyomlisha. Mpiga ngoma aliyechangamsha arusi za Bugufi hulala walipolala baba na babu zake, na ndugu asiye na kipawa chochote hulala ubavuni pake. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Naye hutuzwa hata baada ya kufa, maana wanaolipalilia kaburi lake ni watoto wake. Lakini nani atamtuza achezaye ugenini? Swali hilo walilijibu kwa namna ya pekee Wayahudi wa New York.

Tamthilia ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, ilianzishwa na Abraham Goldfaden mjini Iași, Rumania, mwaka 1876. Mwaka 1883 serikali ya Urusi iliipiga marufuku, na waigizaji wengi wakatawanyika hata London na New York. Huko watazamaji wao walikuwa washonaji na vibarua, wahamiaji kama wao. Goldfaden alipofariki mwaka 1908, makumi ya maelfu ya watu walimsindikiza.

Sheria ya Kiyahudi yataka maiti aoshwe, avikwe sanda isiyo na madaha, azikwe upesi. Tajiri na maskini sanda yao ni moja. Lakini jamaa wa wahamiaji walikuwa ng'ambo. Kwa hiyo waliotoka mji mmoja waliunda vyama vya kuzikana, wakatoa ada, wakanunua viwanja katika mava makubwa ya jiji. Mojawapo ni Mount Hebron, mtaani Queens, yaliyoanzishwa mwaka 1903. Katika viwanja hivyo yameandikwa majina ya miji ya Ulaya, ambayo mingi ilipoteza Wayahudi wake wote katika mauaji ya Vita Kuu ya Pili.

Waigizaji, waliozunguka miji yote, hawakuwa na mji mmoja wa kujivunia. Wao walizikana kwa ufundi wao, katika kiwanja cha chama chao. Humo yumo Boris Thomashefsky, aliyefariki mwaka 1939. Na humo yumo Bessie, mkewe, aliyefariki mwaka 1962. Walitengana wakiwa hai, mava yamewakutanisha. Yumo pia Molly Picon, aliyefariki mwaka 1992. Maurice Schwartz alifia Israeli mwaka 1960, nchi ambayo Wayahudi wengi wacha Mungu hutamani kuzikwa. Naye alirudishwa kuvuka bahari ili alale kati ya waigizaji wenzake. Kwake yeye, kwao palikuwa hapo.

Ngara nayo yajua habari za ugeni. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka kutoka Rwanda kupitia Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakawazika wafu wao Benaco. Kambi zilipofungwa Desemba 1996, makaburi hayakuondoka pamoja nao. Kaburi la mgombani hulindwa na ukoo, na jina la ufundi wa marehemu hufa na wajukuu. Kaburi la ugenini halilindwi na yeyote, isipokuwa pawepo watu waliokubaliana mapema kuwa wao kwa wao ni ndugu.