Handaki

Mchimbaji mdogo wa Geita akikwambia yuko duarani, ujue yuko chini ya ardhi akiufuata mwamba wa dhahabu. Shimo lake haliiti handaki. Kwa wazee wengi wa Kanda ya Ziwa, handaki ni Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979: zima taa, ukisikia ndege ingia, lala kifudifudi. Geita ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, na Mwanza ilishambuliwa kweli kutoka angani. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikiisaidia Uganda vitani, iliukosa mji, mabomu yakaua wanyama wa Kisiwa cha Saanane.

Neno tumelipata kwa Waarabu, khandaq, nao walilipata kwa Waajemi, kwa maana ya kilichochimbwa. Masimulizi ya Kiislamu yanasema ni Salman Mfarisi, yaani Mwajemi, aliyeshauri Madina ilindwe kwa handaki, mwaka 627. Neno na ushauri wa kujikinga vilisafiri pamoja. Jambo hilo hunigusa kila nikilikumbuka. Huku kwetu pia kinga ilikuwa jembe na udongo.

Siku hizi handaki ni njia ya treni ndani ya milima ya Kilosa. Sawa. Ila watunga kamusi naomba wasiiache ile maana ya kujikinga, ili bibi wa Shinyanga akisema “tulilala handakini,” mjukuu aelewe kwamba alikuwa gizani, mtoto kifuani, akisikiliza anga.