Kalamu na Kiti cha Hukumu: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui

Ndugu msomaji, ukadhi si cheo cha kukimbiliwa. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa makadhi ni wa namna tatu, na wawili katika hao ni wa Motoni: aliyeijua haki kisha akahukumu kinyume chake, na aliyehukumu hali hajui. Anayesalimika ni mmoja tu, aliyeijua haki akahukumu kwayo. Imamu Abu Hanifa alipotakiwa na Khalifa Al-Mansur awe kadhi, alikataa, akatiwa gerezani. Lakini mwanafunzi wake, Abu Yusuf, aliukubali ukadhi, na katika zama za Harun Al-Rashid akawa Kadhi Mkuu. Jee, nani katika wawili hawa aliyepatia?

Mas-ala haya yalifika mpaka pwani yetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, naye mwanachuoni, alifariki mwaka 1894, na mtoto akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alivuka bahari kwenda Unguja, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, vigogo wa ilimu wa zama zao. Aliyasoma pia maandishi ya Sheikh Muhammad Abduh na Rashid Rida wa Misri, yaliyokuwa yakiwaamsha Waislamu.

Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Humo aliwaambia Waislamu wenzake maneno machungu: kwamba unyonge wao umetokana na ujinga, israfu na kuwaiga Wazungu katika mapambo huku wakiiacha ilimu yao. Aliwahimiza wawasomeshe watoto wao, wa kike na wa kiume. Baadhi ya makala hayo yalikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, kilichopigwa chapa mwaka 1944.

Kisha akaitwa kwenye ukadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hapa ndipo penye mtihani, ndugu msomaji. Tangu mwaka 1895 ukanda wa pwani, ingawa ulihesabiwa ni milki ya Sultani wa Unguja, ulikuwa ukiendeshwa na Waingereza. Kadhi aliachiwa ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Mwenye kuwaonya watu wasiwaige Wazungu sasa akahukumu chini ya serikali ya Wazungu.

Wako watakaosema bora angelikataa. Lakini hebu tafakari. Mjane aliyeachwa na mume mwenye watoto ana thumni yake, na binti ana nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Hizo si hisani za mjomba wala ami. Ni haki zilizotajwa katika Suratun Nisaa. Lau wenye ilimu wote wangelijitenga, thumni ya mjane huyo ingelikuwa mikononi mwa nani? Abu Hanifa aliinusuru haki kwa kukataa, kwa kuwa aliogopa kutumiliwa. Abu Yusuf aliinusuru kwa kukubali. Kipimo si kiti, bali ni kile anachokifanya mtu akishakikalia.

Sheikh Al-Amin alikikalia kiti hicho mpaka alipofariki mwaka 1947. Hakuacha kusomesha, na mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1963. Mwaka huo huo nchi ilipopata uhuru, mahakama za kadhi zililindwa katika katiba, na katiba ya mwaka 2010 ikazithibitisha tena.

Lakini katiba hailindi kila kitu. Kadhi huhukumu kwa yale yanayodhihiri mbele yake. Akiletewa shahidi wa uongo, au mirathi iliyokwisha fichwa nusu yake, ilimu yake yote haitamfaa yule mjane. Basi, ndugu yangu, siku utakayoitwa kutoa ushahidi juu ya mali ya marehemu, jua kuwa nawe umekalia sehemu ya kile kiti alichokiogopa Abu Hanifa.