Oracle Database
Oracle Database ni programu ya kusimamia hifadhidata inayotengenezwa na kampuni ya Oracle ya Marekani. Toleo la kwanza kuuzwa lilitoka mwaka 1979, miaka miwili baada ya Larry Ellison, Bob Miner na Ed Oates kuanzisha kampuni hiyo.

Leseni yake ni ghali, ilhali PostgreSQL, ambayo ni programu huria, hupatikana bure. Hata hivyo benki, kampuni za simu na idara za serikali nyingi huendelea kuilipia. Sababu moja ni msaada wa kiufundi: ikitokea hitilafu, mteja ana mkataba na kampuni iliyoitengeneza. Lakini msaada wa PostgreSQL nao huuzwa na kampuni mbalimbali.

Sababu nzito zaidi ni gharama ya kuhama. Mifumo mingi imeandikwa kwa PL/SQL, lugha ya Oracle yenyewe. Anayehama hulazimika kuandika upya sehemu hizo na kuzijaribu huku kazi zikiendelea. Hata Amazon ilihitaji miaka kadhaa. Mwaka 2019 ilitangaza kwamba imehamisha data za biashara yake ya rejareja kutoka hifadhidata karibu 7,500 za Oracle.