Zimwi la Shaba

Hadi katikati ya miaka ya 1970, Mmarekani aliyenunua stereo hakuulizwa angetumia waya gani. Muuzaji alimkatia kipande kutoka kwenye roli, mara nyingi bila malipo, kama muuza duka anavyokufungia vitumbua kwa gazeti. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba, na asiyeutaka alichukua waya wa taa ya mezani, mambo yakaisha. Fedha zilikwenda kwenye amplifaya na spika.

Aliyeibadili biashara hiyo ni Noel Lee, mzaliwa wa San Francisco wa mwaka 1948, mwana wa familia ya Kichina. Alisomea uhandisi, akafanya kazi ya utafiti wa leza katika maabara ya Lawrence Livermore, kisha akaiacha kazi hiyo ili apige ngoma katika bendi iliyoitwa Asian Wood. Muziki haukumlipa. Akawa anakaa nyumbani akilinganisha nyaya za unene mbalimbali, huku akisikiliza 1812 ya Tchaikovsky, kazi ambayo mtunzi aliiwekea hata milio ya mizinga. Akaamini kwamba waya mnene ulimpa sauti bora. Mwaka 1979 kampuni yake ilikuwa tayari imeingia sokoni kwa jina la Monster, yaani zimwi, na waya wake ulifanana na jina: mnene, mzito, wenye ganda angavu lililoacha shaba ionekane ndani.

Hakuwa peke yake. Huko Ufaransa, katika miaka hiyohiyo, mwandishi Jean Hiraga alikuwa ameshaandika kwamba nyaya zinasikika tofauti. Lakini Lee ndiye aliyejua kuuza.

Na haki yake apewe: alikuwa na nusu ya ukweli. Tuseme spika iko mita 10 kutoka kwenye amplifaya. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo unapita mita 20 za shaba. Waya mwembamba wa kugawiwa bure, wenye takriban milimita za mraba 0.2, huweka hapo ukinzani wa karibu omu 1.7. Spika ya kawaida ina omu 8. Maana yake karibu sehemu moja kati ya sita ya volti huishia njiani, na kwa kuwa ukinzani wa spika hupanda na kushuka kufuatana na noti, sauti hupungua na kupinda kidogo. Sasa weka waya ambao fundi umeme wa Mombasa au Dar es Salaam huuita 2.5, ule wa soketi. Ukinzani unashuka hadi omu 0.14 hivi. Hasara haifiki asilimia 2, na sikio haliijui. Zaidi ya hapo unanenepesha waya tu.

Hesabu hiyo ni ya tangu 1827, mwaka ambao Georg Ohm alichapisha kanuni yake. Dukani haikutajwa sana. Stereo yenyewe ilimwachia mwenye duka faida ndogo, kwa sababu kila mnunuzi alijua bei ya jirani; kebo ilimwachia faida nono, na hakuna aliyejua bei yake halali. Lee aliwafundisha wauzaji namna ya kuieleza, nao wakajifunza upesi. Mteja aliyekwisha kutoa mamia ya dola hakushindwa kuongeza kidogo ili asijute.

Mwaka 1983 jarida la Stereo Review likaamua kupima. Laurence Greenhill aliwaketisha wasikilizaji bila kuwaambia ni waya gani unaopiga, akalinganisha Monster, waya wa taa wa takriban milimita za mraba 1.3, na ule mwembamba wa bure. Baada ya saa 50 hivi za kusikiliza na kuhesabu alama, matokeo hayakumfurahisha mtu wa upande wowote. Kwa muziki, Monster na waya wa taa hazikutofautishika. Ule mwembamba ulikamatwa, hasa walipopigiwa mvumo maalumu wa majaribio, unaosikika kama mvua juu ya bati. Kwa maneno mengine Lee alikuwa sahihi kuudharau waya wa bure, na aliyebaki na waya wake wa taa hakupoteza kitu.

Jambo hilo lingetosha kuifunga kesi. Badala yake bei zikapanda. Zikaja kebo za fedha, za shaba iliyosafishwa mno, zilizosokotwa kama nywele. Mwaka 2007 kampuni ya Pear ilikuwa ikiuza jozi ya kebo za Anjou, za urefu usiofika mita 4, kwa dola 7,250. James Randi, mwanamazingaombwe aliyewaandama waganga na wapiga ramli maisha yake yote, alisema atampa dola milioni moja yeyote atakayeitambua kwa masikio tu. Mwandishi wa jarida la Stereophile, Michael Fremer, akaitika. Pear ikajitoa, na baada ya kurushiana maneno jaribio halikufanyika.

Je, walionunua walidanganya waliposema wanasikia tofauti? Si lazima. Mwaka uliofuata watafiti wa Caltech na Stanford waliwaonjesha watu mvinyo mmoja, mara wakiambiwa ni wa dola 10, mara wa dola 90. Wa dola 90 uliwapendeza zaidi, na vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba raha yao ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana ubishi wa kebo hauishi: mmoja anazungumzia waya, mwenzake anazungumzia jioni yake.

Mwaka huohuo wa 2008 kampuni ya Denon ilitoa kebo ya kidijitali ya mita 1.5 kwa dola 499. Ndani yake hazikupita sauti bali tarakimu, ambazo ama hufika ama hazifiki. Hata hivyo ilichorwa alama za kumwonyesha mnunuzi upande wa kuelekeza. Alama za namna hiyo zimo hata kwenye kebo za spika, ambamo noti moja ya 440, ile wanayopatanishia ala wapiga fidla, huufanya umeme uende na kurudi mara 440 kila sekunde.