Gofu Ilimshika Hadi Mfalme Aliyeipiga Marufuku

Mwaka wa 1457, bunge la Uskoti, kule kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza, lilipiga gofu marufuku. Waskoti na Waingereza walikuwa wanazozana kila kukicha, na serikali ilitaka wanaume wafanye mazoezi ya kurusha mishale. Wanaume nao walikuwa nje wanafukuza kampira kwa fimbo. Sheria hiyo hiyo ilikataza kandanda pia, kwa sababu ile ile.

Marufuku ikarudiwa mwaka wa 1471. Ikarudiwa tena 1491. Ukiona sheria moja inatangazwa mara tatu, jua hakuna mtu anaiheshimu.

Hiyo ya 1491 ilitoka wakati wa Mfalme James wa Nne. Mwaka wa 1502, Uskoti na Uingereza wakakubaliana amani. Mwaka huo huo, vitabu vya hesabu za mfalme vinaonyesha alinunua fimbo za gofu kutoka kwa fundi wa pinde mjini Perth. Soma hiyo tena pole pole. Mfalme ambaye serikali yake ilikataza gofu ndiye huyo ananunua fimbo, na anazinunua kwa fundi aliyezoea kutengeneza silaha za vita. Buda alikuwa ameshikwa.

Naanza na huyo mfalme kwa sababu huku kwetu ukitaja gofu, watu wanaona kitu kimoja tu: wazee wa kitambi, gari kubwa kwenye maegesho, na mkataba unatiwa sahihi kati ya shimo la tisa na la kumi. Kijana wa mtaani akisema anacheza gofu, ataulizwa amekula pesa ya kaunti gani. Tumekubali kwamba huu ni mchezo wa matajiri tangu enzi za Adamu. Lakini ukifuata historia ya watu walioshikwa na gofu, hasa wale wa kucheza tu kwa kujifurahisha, unapata hadithi nyingine kabisa.

Kwanza tuelewe inashika vipi. Gofu ni ngumu kijinga. Mpira umetulia, hakuna mtu anakukaba, na bado unaukosa. Unapiga mbaya mara tisa. Ya kumi inatoka safi, mpira unapaa na kukaa hewani, na hata mkononi hukuhisi kitu. Hiyo moja ndiyo unaenda nayo nyumbani. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha kwa kutumia njiwa kwamba zawadi inayokuja bila mpangilio humfanya mnyama aendelee kudonoa hata pale ambapo hapati kitu. Ni mtego ule ule wa kubet na wa kuskroli simu saa nane usiku. Tofauti ni kwamba kwenye gofu hakuna kampuni inayoamua lini ushinde. Ile shoti nzuri ni wewe uliipiga, na unajua iko ndani yako mahali fulani. Ndio maana kesho utarudi. Na kwa Kiswahili gofu pia ni nyumba iliyobomoka, ikabaki kuta tu, kwa hivyo walio kwenye ndoa wacheze kwa kiasi.

Sasa, mchezo wa kushika watu hivi haungeenea kama ungekuwa wa wenye hela peke yao. Angalia St Andrews, mji wa Uskoti ambao wachezaji wengi huuita nyumbani kwa gofu. Ardhi ya uwanja wake ni ya mchanga, kando ya bahari, haifai sana kwa kilimo. Mwaka wa 1552, Askofu Mkuu John Hamilton alitia muhuri hati iliyomruhusu kufuga sungura pale, na hati hiyo hiyo ikatambua haki ya wakazi wa mji kucheza gofu na kandanda kwenye ardhi hiyo. Hadi leo Old Course ya St Andrews ni uwanja wa umma. Jumapili kwa kawaida haichezwi gofu, na watu wanatembea hapo na mbwa wao.

Kilichozuia watu wa kawaida ilikuwa bei ya mpira. Zamani mpira wa gofu ulikuwa wa ngozi iliyoshonwa na kushindiliwa manyoya ya bata bukini. Fundi mmoja alitengeneza michache tu kwa siku, na ukilowa maji au ukipigwa vibaya, unapasuka. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1840 ukaja mpira wa gutaperka, utomvu wa miti ya huko Malaya. Unaupasha moto, unaufinyanga, basi. Ukiharibika unaupasha tena. Mtengenezaji maarufu wa mipira ya manyoya, Allan Robertson wa St Andrews, alichukia kitu hicho kiasi kwamba aligombana na msaidizi wake Tom Morris kwa kuucheza, wakaachana. Morris alienda zake na baadaye akashinda mashindano ya Open mara nne. Mpira wa bei nafuu ukafungulia watu mlango, na gofu ikaanza kusambaa kwa kasi.

Kitu cha pili kilichowashika wachezaji wa kawaida ni hesabu. Kwenye kandanda, ukicheza na mtu aliyekuzidi mbali, unafungwa kumi na unaenda nyumbani. Kwenye gofu kuna hendikapu: mchezaji dhaifu anapewa mapigo ya bure kulingana na kiwango chake, ili aweze kumkabili bingwa na wote wawe na nafasi. Siku hizi hendikapu ya juu kabisa ni 54, yaani mapigo matatu ya ziada kwa kila shimo katika mashimo 18. Hiyo ni huruma ya kiwango cha mama mzazi.

Na bado kulikuwa na shida. Ukiharibu shimo moja vibaya sana, siku nzima imekufa. Daktari mmoja wa upasuaji, Frank Stableford, alilifikiria hilo. Mwaka wa 1932, katika klabu ya Wallasey huko Uingereza, mfumo wake wa pointi ukatumika kwenye mashindano. Kila shimo lina pointi zake. Ukiboronga unapata sufuri, unaokota mpira wako, unaendelea na shimo linalofuata kama mtu asiye na dhambi. Huyo daktari aliwatengenezea wachezaji wabovu sababu ya kutokata tamaa, na mfumo wake unatumika hadi leo kwenye klabu nyingi, zikiwemo za hapa Kenya.

Lakini wapo walioshikwa na mchezo huku mlango ukiwa umefungwa usoni mwao. George Grant alikuwa daktari wa meno mjini Boston, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, na Mweusi wa kwanza kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alipenda gofu. Enzi hizo, kabla ya kupiga mpira wa kwanza wa kila shimo, ulikuwa unafinyanga kilima kidogo cha mchanga uliolowa na kuuweka mpira juu. Mikono inachafuka kila baada ya dakika chache. Mwaka wa 1899 Grant alisajili haki ya uvumbuzi wa tii ya mbao, kile kijiti kidogo cha kuwekea mpira. Hakukifanyia biashara, aliwagawia marafiki tu. Miaka ya 1920 daktari mwingine wa meno, mzungu, akauza tii zake kwa wingi, na jina la Grant likafunikwa hadi mwaka wa 1991, chama cha gofu cha Marekani kilipomtambua rasmi.

Halafu kuna Bill Powell wa Ohio. Alianza kama kedi akiwa mtoto, yaani yule anayebeba mfuko wa fimbo za mchezaji. Vita vya Pili vya Dunia vikampeleka Uingereza kama mwanajeshi, na huko akacheza gofu bila kufukuzwa. Aliporudi Marekani mwaka wa 1946, viwanja vya nyumbani havikumtaka, na benki zikamnyima mkopo. Unajua alifanya nini? Madaktari wawili Weusi walichangia, ndugu yake akamkopesha, akanunua shamba lililokuwa la ng'ombe wa maziwa. Usiku alikuwa mlinzi kiwandani. Mchana alikuwa anang'oa visiki na kupanda nyasi kwa mikono yake. Mwaka wa 1948 akafungua mashimo tisa ya kwanza ya Clearview, akakaribisha watu wa rangi zote. Chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilikuwa bado na kipengele cha kuruhusu wazungu peke yao, na kilikiondoa mwaka wa 1961 tu.

Sasa turudi Nairobi. Reli ilifika hapa mwaka wa 1899. Kufikia 1906 tayari kulikuwa na klabu ya gofu. Mwaka wa 1935 Mfalme George wa Tano akaipa cheo cha kifalme, ndio ikaitwa Royal Nairobi. Katika miaka hiyo ya ukoloni, Mwafrika aliingia uwanjani kama mkata nyasi au kedi. Kwa hivyo gofu ilitufikia ikiwa na ukuta tayari, na sisi tukadhani ukuta ni sehemu ya mchezo.

Lakini kedi haangalii ukutani siku nzima. Anaangalia mpira. Anajua upepo, anajua mteremko wa nyasi, anajua tajiri wake atakosea wapi kabla hajapiga. Ndio maana wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia kwa kubeba mifuko. Hata Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka wa 1978, alikuwa mtoto wa kijiji cha Pedreña huko Uhispania, kedi aliyejifunza kwa kupiga mawe ufuoni kwa fimbo moja kuukuu na kuingia uwanjani usiku bila ruhusa. Mwaka mmoja baada ya kushinda hapa Nairobi, alishinda Open ya Uingereza.

Maoni yangu ni haya. Tukisema gofu si yetu, tunamlindia mtu mwingine ukuta wake bure. Pesa ni tatizo la kweli, sikatai. Fimbo ni ghali, uanachama ni ghali zaidi, na raundi nzima inakula saa nne ambazo mtu wa kibarua hana. Lakini hayo ni mambo ya ardhi na bei, na historia inaonyesha ardhi na bei hubadilika. Mpira ulishuka bei. Marekani walifuta kipengele chao. Shamba la ng'ombe likawa uwanja.

Kwa hivyo anza na viwanja vya mazoezi, pale unapolipia ndoo ya mipira bila kuwa mwanachama wa popote. Gawaneni ndoo moja watu watatu, chekaneni. Na mwanasiasa akija mtaani kuomba kura, muulize kuhusu viwanja vya umma, vile vilivyonyakuliwa na vile ambavyo havijawahi kujengwa. Wakazi wa St Andrews waliandikiwa haki yao ya kucheza mwaka wa 1552. Royal Nairobi imepakana na Kibera hadi leo, na kuna watoto wanaoijua gofu kwa kuitazama kupitia ua.