Magofu ya Engaruka

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za ngome na miji ya Waroma iliyofukuliwa huko Ulaya, nao hudhani kwamba nchi yetu haina mawe yenye habari. Lakini kutoka kwetu Olmotonyi hata Engaruka si mbali. Twalishika njia ya Makuyuni, tukapita Mto wa Mbu, kisha tukaelekea kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, katika vumbi jingi.

Pale mteremkoni watu wa kale walichimba matuta, wakayashikiza kwa mawe matupu pasipo chokaa, na juu ya matuta wakajenga nyumba. Vijiji hivyo ni saba. Vilikaliwa tangu karne ya 15 hivi hata karne ya 18.

Lakini yaliyotustaajabisha zaidi ni mashamba. Chini ya vijiji, nchi ya hektari 2,000 hivi imegawanywa kwa mistari ya mawe, na katikati yake yaonekana mifereji iliyotoa maji katika mto wa Engaruka na vijito vya jirani. Sisi tuliozoea mifereji ya Meru twajua kazi hiyo: ukikosea mwinamo kidogo, maji husimama, au hubomoa. Nao waliyapeleka mbali, katika nchi yenye mvua haba, wakavuna mtama; punje zake zilizoungua zimepatikana. Mawe ya shambani waliyakusanya marundo marundo, hata wageni wengine wakayadhania makaburi.

Mjerumani Fischer alipita huko mwaka 1883. Leakey alipochunguza mwaka 1935 alikadiria watu 30,000 au zaidi. Waliomfuata, akina Sutton, wameipunguza sana hesabu hiyo, nasi twaona ni haki, maana si lazima nyumba zote zilikaliwa wakati mmoja.

Mbona basi waliondoka? Wengine husema walifukuzwa kwa vita. Sisi twayasikiliza zaidi makorongo: mifereji mingine yaanzia penye vijito ambavyo leo ni vikavu. Na ardhi iliyolimwa miaka mingi huchoka. Wasonjo, wanaokaa kaskazini zaidi, wangali wakilima kwa mifereji hata leo, na wataalamu kadhaa hudhani wana udugu na watu hao.

Mto wa Engaruka wenyewe haukukauka. Wenyeji wa sasa hulima kwa maji yake, na majembe yamekwisha kuingia katika sehemu ya mashamba ya kale. Mtu mwenye watoto hawezi kulaumiwa akitafuta shamba. Lakini mistari ile ikivunjwa, hakuna kitabu kitakachotueleza wazee wale waligawanaje maji.