Mbaazi na Majiko Mawili ya Mji Mkongwe

Kila tunapoadhimisha mwaka wa hekalu letu, sufuria la kwanza kutelekwa jikoni huwa la dali ya mbaazi. Jirani zetu wanaokuja kutupongeza huila kwa furaha, kisha huuliza: mbona nyinyi huipasua na kuitia sukari guru, ukwaju na mvuje, ilhali sisi huipika nzima kwa tui la nazi na kuila asubuhi kwa mandazi? Mmea ni mmoja. Majiko ndiyo mawili.

Baadhi ya wazee wetu walipenda kudai kwamba ni sisi tulioileta mbaazi Unguja, ndani ya majahazi ya Mandvi. Dai hilo ni tamu, lakini hatuna budi kulipunguza. Ni kweli kwamba asili ya mmea huu ni Bara Hindi, na kwamba upepo wa kaskazi umewaleta Wagujarati na Wakachi pwani hii kwa karne nyingi. Hata hivyo mbaazi ni mwenyeji wa kale Afrika Mashariki. Una jina lake la Kiswahili, na una methali yake, kwamba ukikosa maua husingizia jua. Nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi katika karne ya 19, ilikuwa ya Wabhatia, watu wasiokula nyama. Tunaamini kwamba watu wa namna hiyo walifarijika kukikuta chakula cha kwao kikiota mashambani.

Mkulima wa Unguja huupanda mbaazi pamoja na muhogo au mahindi. Mizizi yake huzama chini sana, ndiyo maana hustahimili kiangazi. Katika vinundu vya mizizi hiyo huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Majani yanayopukutika hurutubisha ardhi, na vijiti huwa kuni. Aina za kienyeji huchukua miezi minane au zaidi kabla ya kuvunwa, subira ambayo sisi wafanyabiashara hatukujaaliwa.

Thamani yake tuliijua mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bidhaa za nje ziliadimika, mchele ukawa wa mgao, na dali ya Bombay ikatoweka madukani. Jamii yetu ilikwisha kupungua sana baada ya 1964, na sisi tulikuwa watoto. Mama zetu wakaanza kununua mbaazi kavu kwa mabibi wa shamba, waliozileta mjini kwa vikapu na kuzipima kwa kibaba. Kuzipasua ilikuwa kazi kubwa: zilipakwa mafuta, zikaanikwa juani siku kadhaa, zikapitishwa baina ya mawe mawili yaliyokuwa yamelala stoo tangu enzi za bibi zetu, kisha zikapetwa kwa ungo. Viganja vya mama zetu vilichubuka. Bibi mmoja, alipoambiwa kwamba mbaazi zile ni za kulisha watu siku ya sikukuu, alijaza kibaba hadi kikafurika, akasema, "Chakula cha watu hakikatwi juu, mwanangu."

Leo tunauza dali ya pakiti kutoka India, huku mbaazi za Lindi, Mtwara na Manyara zikisafirishwa nzima kwenda huko huko. Mnamo Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei iliporomoka na wakulima wakabaki na magunia yao. Wafanyabiashara waliokwisha kununua nao walipata hasara, nasi tukiwamo. Kosa lilikuwa letu pia: kwa miaka mingi tulimtazama mnunuzi mmoja tu, wala hatukufikiria kupasua hata gunia moja hapa nyumbani.

Kwa sherehe za mwaka huu kamati ya jiko imenunua mbaazi za wakulima wa Unguja. Mashine ya kupasulia hatuna. Mawe yale mawili bado yapo, nyuma ya jiko la hekalu. Kazi itaanza baada ya sala ya asubuhi, na vijana wanaotaka kujifunza waje na nyungo.